Namba 5,000: mswada wa mpaka wa Marekani ulisema nini hasa kuhusu hifadhi

Jumapili ya tarehe 4 Februari 2024, maseneta watatu wa Marekani waliweka hadharani mswada wenye kurasa 370 ambao walikuwa wameujadili kwa faragha kwa miezi kadhaa. Watatu hao walikuwa James Lankford wa Oklahoma kutoka chama cha Republican, Chris Murphy wa Connecticut kutoka chama cha Democratic, na Kyrsten Sinema wa Arizona ambaye hakuwa na chama. Siku tatu baadaye mswada ulikuwa umekwisha kufa. Katika muda huo mfupi, watu waliosoma kurasa zote hizo walikuwa wachache kuliko waliosikia namba moja iliyokuwemo ndani yake, yaani 5,000, na wengi walielezwa kwamba maana yake ni kuruhusu wahamiaji 5,000 waingie nchini kila siku. Mswada haukusema hivyo. Lakini hata aliyetaka kuutetea hakuweza kueleza ulisema nini pasipo kuanzia mbali kidogo, kwa sababu namba hiyo ilikuwa sehemu ya mtambo mkubwa zaidi, na mtambo wenyewe ulihusu muda kuliko idadi.

Neno la kutenganisha kwanza ni hifadhi. Mkongomani aliyekaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, akahojiwa mara kadhaa, akapimwa afya, kisha akapelekwa Marekani kwa ndege, aliingia nchini akiwa tayari mkimbizi anayetambuliwa kisheria. Maelfu ya Wakongomani wamepita njia hiyo, na katika miaka kadhaa ya karibuni kabla ya 2025 walikuwa kundi kubwa kuliko yote miongoni mwa wakimbizi waliopokelewa na Marekani. Mwomba hifadhi ni mtu mwingine. Huyu amefika mwenyewe, kwa ndege, kwa miguu au kwa kuvuka Mto Rio Grande unaotenganisha Texas na Meksiko, na anaomba kutambuliwa akiwa tayari ndani ya nchi au mlangoni pake. Mnamo Juni 2019 mamia ya watu kutoka Kongo na Angola, wengi wao familia, walifika San Antonio, Texas, na Portland, Maine, baada ya safari iliyoanzia Amerika ya Kusini na kupita msitu wa Darién kati ya Kolombia na Panama. Mjini Portland walilazwa katika ukumbi wa michezo kwa kuwa nafasi nyingine zilikuwa zimejaa. Kwa lugha ya nyumbani wote wawili tunawaita wakimbizi, na si kosa, ila mswada wa 2024 ulimhusu huyu wa pili peke yake. Wa kwanza hakuguswa.

Haki ya huyu wa pili imeandikwa katika sheria ya wakimbizi ya 1980, ambayo Bunge la Marekani iliitunga ili kutimiza wajibu uliotokana na Itifaki ya 1967, nyongeza ya Mkataba wa Wakimbizi wa 1951. Sheria hiyo, kama ilivyorekebishwa mwaka 1996, inampa nafasi ya kuomba hifadhi mgeni yeyote aliye ndani ya Marekani au anayefika humo, awe amepitia kituo rasmi cha mpakani au la, na vyovyote hali yake ya uhamiaji ilivyo. Maneno hayo ya kituo rasmi yanafaa kukumbukwa, kwa kuwa karibu kila mvutano wa miaka ya karibuni unarudi kwayo. Mtu aliyeruka ukuta amevunja sheria ya kuingia nchini, lakini hajapoteza haki ya kusikilizwa.

Kusikilizwa, hata hivyo, si kukubaliwa. Mwombaji anatakiwa kuthibitisha kwamba anateswa au ana hofu yenye msingi ya kuteswa kwa sababu moja kati ya tano, nazo ni rangi au kabila lake, dini, uraia, msimamo wa kisiasa, au kuwa mmoja wa kundi fulani la kijamii. Umaskini haumo. Vita kwa jumla haimo. Msomaji wa Afrika Mashariki atashangaa hapa, kwa sababu mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 unamtambua kuwa mkimbizi pia yule aliyekimbia uvamizi au vurugu kubwa zilizovunja amani ya nchi yake, na kwa msingi huo nchi zetu zimezoea kupokea umati mzima unaovuka ziwa au mto bila kumdai kila mmoja ushahidi wake. Mama aliyekimbia milio ya risasi Kivu anaweza kuwa mkimbizi Kigoma asubuhi hiyo hiyo, ilhali mbele ya jaji wa Texas ataulizwa ni nani hasa aliyemlenga yeye na kwa sababu gani.

Sasa tuufikie mtambo wenyewe. Tangu sheria ya 1996, mtu anayekamatwa mpakani bila hati anaweza kurudishwa haraka na maofisa, bila kufika kwa jaji. Akisema anaogopa kurudi kwao, hupelekwa kwa ofisa wa hifadhi ambaye humfanyia mahojiano ya mchujo. Swali la mchujo huo halikuwa kama atashinda kesi, bali kama upo uwezekano wa kweli kwamba angeweza kushinda siku atakapokuwa na wakili na ushahidi wake mkononi. Kizingiti hicho kiliwekwa chini kwa makusudi, kwa hoja kwamba mtu aliyetoka mtoni jana, hajalala na hajui lugha, hastahili kuamuliwa maisha yake kwa simu ya nusu saa. Akifaulu hupelekwa katika mahakama ya uhamiaji, ambako kizingiti ni kirefu zaidi na wanaofaulu ni wachache kuliko waliovuka mchujo. Wengi walioachiwa mpakani hawakufanyiwa hata mchujo, kwa sababu maofisa hawakutosha. Walipewa karatasi ya kufika mahakamani na kuambiwa waende.

Kati ya hatua ya kwanza na ya mwisho ndipo kilipolala kisa chote. Kufikia mwisho wa 2023 mahakama za uhamiaji zilikuwa na kesi zaidi ya milioni 3 zisizoamuliwa, mbele ya majaji wapatao 700. Hesabu yake haihitaji mtaalamu, kwani ni zaidi ya kesi 4,000 kwa kila jaji. Mtu aliyevuka mwaka huo angeweza kusubiri miaka minne, mitano au zaidi kabla ya kesi yake kusikilizwa kikamilifu, na kwa kuwa mwombaji hifadhi aliruhusiwa kupata kibali cha kazi siku 180 baada ya kuwasilisha maombi yake, miaka hiyo ilikuwa miaka ya kufanya kazi kihalali, kuzaa, kusomesha na kutuma pesa nyumbani. Asiye na sababu ya kisheria alipata faida ya kucheleweshwa. Mwenye sababu halisi aliumia, maana mke na watoto aliowaacha nyuma hawawezi kumfuata mpaka akubaliwe, na mashahidi wake huhama, husahau au hufa. Kila anayedai kwamba mfumo huo uliwafaa wahamiaji angemuuliza baba wa aina hii kwanza.

Na foleni iliongezeka kwa kasi kwa sababu aina ya watu waliofika ilibadilika. Kwa miongo mingi waliokamatwa walikuwa zaidi wanaume wa Meksiko waliotafuta kazi na waliojaribu kujificha. Walirudishwa, wakajaribu tena. Kuanzia takriban 2014 zilianza kufika familia na watoto kutoka Honduras, Guatemala na El Salvador, baadaye Wavenezuela na watu wa mabara mengine, ambao hawakujificha bali waliwatafuta askari wa doria ili wajisalimishe. Mwaka 2023 peke yake watu zaidi ya 500,000 walipita Darién. Mwezi Desemba mwaka huo askari wa doria kwenye mpaka wa kusini waliwakamata watu karibu 250,000 waliovuka nje ya vituo rasmi, idadi ambayo haijawahi kufikiwa katika mwezi mmoja. Ukuta, kwa mtu anayetaka kukamatwa, ni kitu cha kuzungukwa tu.

Mswada wa maseneta wale watatu ulijaribu kuufupisha muda huo, na sehemu hii, ambayo ndiyo iliyokuwa na uzito zaidi, ndiyo iliyozungumzwa kwa uchache. Ulipendekeza kwamba wengi wa wanaoomba hifadhi mpakani wasiende tena mahakamani kwa majaji, bali maombi yao yaamuliwe na maofisa wa hifadhi wenyewe, mahojiano ya kwanza yafanyike ndani ya siku 90, na kwa wale ambao kesi yao ingehitaji kuchunguzwa zaidi, uamuzi wa mwisho utolewe ndani ya siku nyingine 90. Rufaa ingesikilizwa na bodi mpya ndani ya idara hiyo hiyo. Ili jambo hilo liwezekane, ulitenga fedha za kuajiri zaidi ya maofisa wa hifadhi 4,300, na kuongeza nafasi za mahabusi za uhamiaji kutoka 34,000 hadi 50,000. Kizingiti cha mchujo kingepandishwa hadi kufikia kile ambacho tayari hutumika kwa watu waliowahi kufukuzwa nchini, na ofisa angetakiwa kuuliza tangu siku ya kwanza mambo ambayo zamani yaliachiwa jaji, kama vile rekodi ya uhalifu au kama mwombaji angeweza kuishi salama katika mkoa mwingine wa nchi yake. Aliyefaulu mchujo angepata kibali cha kazi mara moja badala ya kungoja miezi sita.

Hapo palikuwa na mapatano ya kweli, kwa maana ya kwamba kila upande ulimeza kitu kichungu. Warepublican walipata mlango mwembamba zaidi, na Wademocratic walipata kibali cha kazi cha mapema, viza 50,000 za ziada kila mwaka kwa miaka mitano kwa ajili ya jamaa na wafanyakazi, njia ya ukaazi wa kudumu kwa Waafghanistani waliookolewa Kabul mwaka 2021, na, kwa mara ya kwanza, mawakili wa kulipiwa na serikali kwa watoto wa miaka 13 na chini yake waliofika bila wazazi. Kabla ya hapo mtoto wa miaka sita aliweza kusimama mbele ya jaji bila wakili, na bado anaweza.

Ndipo inapokuja namba 5,000. Mbali na utaratibu wa kawaida nilioueleza, mswada ulimpa waziri wa usalama wa ndani mamlaka ya dharura ya kusimamisha upokeaji wa maombi ya hifadhi kwa watu wanaovuka nje ya vituo rasmi. Wastani wa watu wanaokutwa na maofisa mpakani ukifika 4,000 kwa siku kwa siku saba mfululizo, waziri angeruhusiwa kufunga. Wastani ukifika 5,000, au ikiwa siku moja peke yake wangekutwa zaidi ya 8,500, angelazimika kufunga. Waliokutwa ni pamoja na wale ambao wangekamatwa, kuhojiwa na kurudishwa siku hiyo hiyo. Kwa hiyo namba hiyo ilihesabu watu waliofika mikononi mwa maofisa, na haikuwa ahadi kwa yeyote kwamba atabaki. Aliyefika wa 300 katika siku tulivu angepimwa kwa kizingiti kipya kilichopandishwa, si kupunguziwa chochote. Kwa kulinganisha, Desemba 2023 wastani wa waliokamatwa nje ya vituo peke yao ulikuwa takriban 8,000 kwa siku, maana yake sharti la kufunga lingekuwa limetimia tangu siku ambayo mswada ungetiwa saini.

Wapinzani wa mrengo wa kulia walikuwa na hoja moja ambayo si ya kupuuza. Waliuliza kwa nini mlango ufungwe kwa 5,000 na si kwa 500, na kwa nini mamlaka yenyewe yawekewe mipaka, kwa sababu mswada uliruhusu yatumike si zaidi ya siku 270 katika mwaka wa kwanza, 225 katika wa pili na 180 katika wa tatu, kisha yafe. Rais pia angeweza kuyasimamisha kwa siku 45 kwa sababu za maslahi ya taifa. Walipendelea mswada wao wenyewe, uliopitishwa na Baraza la Wawakilishi Mei 2023 kwa kura 219 dhidi ya 213, ambao ulikuwa mkali zaidi na haukupata kura hata moja ya Mdemocratic. Lakini kati ya kusema kwamba kizingiti kiko juu mno na kusema kwamba sheria inaruhusu watu 5,000 kuingia kila siku kuna umbali mkubwa, na umbali huo ulirukwa kwa siku mbili tu.

Hoja ya upande wa pili ilisikika kwa sauti ndogo zaidi ingawa, kwa maoni yangu, ndiyo iliyogusa msingi. Mkataba wa 1951 unakataza kumrudisha mtu mahali ambapo maisha au uhuru wake utakuwa hatarini. Siku ambazo mlango ungefungwa, mswada ungemwachia mtu aliyevuka nafasi ya kinga ya chini tu, ile inayozuia asirudishwe kwenye mateso lakini haimpi ukaazi wala haki ya kuwaleta jamaa zake, na hata hiyo kwa kizingiti kirefu na kwa yule atakayeidai mwenyewe. Vituo rasmi vingetakiwa kuendelea kupokea watu wasiopungua 1,400 kwa siku, idadi inayokaribiana na miadi ya kufika vituoni iliyokuwa ikitolewa wakati huo kwa programu ya simu ya CBP One. Mtu mwenye muda wa kungoja Tijuana au Ciudad Juárez, miji ya Meksiko iliyo mpakani, angejipanga. Anayefuatwa na watu wanaotaka kumuua hana muda huo, na ndiye ambaye sheria ya hifadhi ilimfikiria ilipotaja kuingia pasipo kituo. Seneta Alex Padilla wa California aliukataa mswada akieleza pia kwamba haukuwa na chochote kwa mamilioni ya watu walioishi nchini miaka mingi bila hati, wakiwemo walioletwa wakiwa watoto.

Mswada haukuwa wa mpaka peke yake. Ulifungwa pamoja na takriban dola bilioni 60 za Ukraini na bilioni 14 za Israeli, jumla ikafika dola bilioni 118, na kati ya hizo bilioni 20 hivi ndizo zilizokuwa za mpaka. Warepublican wenyewe ndio waliokuwa wamesema mwishoni mwa 2023 kwamba hawataipa Ukraini fedha mpaka sheria ya mpaka ibadilishwe. Chama cha wafanyakazi cha askari wa doria, ambacho kilikuwa kimemuunga mkono Donald Trump, kiliukubali mswada. Trump, aliyekuwa akiwania urais, aliukataa na kukihimiza chama chake kifanye hivyo, na Spika Mike Johnson alisema mapema kwamba ungefika kwake ukiwa maiti. Tarehe 7 Februari ulipata kura 49 dhidi ya 50, wakati kanuni za Seneti zilidai kura 60 ili mjadala uanze. Warepublican wanne tu ndio walioukubali.

Uliletwa tena tarehe 23 Mei, safari hii bila fedha za Ukraini, ambazo zilikuwa zimepitishwa kwa sheria nyingine mwezi Aprili. Ulianguka kwa kura 43 dhidi ya 50, na miongoni mwa walioupinga walikuwamo Lankford na Sinema, wawili kati ya watatu waliouandika, wakilalamika kwamba sasa umeletwa kwa ajili ya kampeni tu. Sijui kama kuna picha inayoeleza vizuri zaidi hali ya Bunge hilo kuliko waandishi kuikataa kazi ya mikono yao.

Kilichofuata kilionyesha jinsi vipande vya mswada vilivyoweza kunyofolewa. Tarehe 4 Juni 2024 Rais Joe Biden alitoa tangazo lililochukua wazo la kufunga mlango, akalishusha hadi wastani wa watu 2,500 kwa siku, na akaweka kwamba marufuku yataondolewa wastani ukishuka chini ya 1,500. Alichukua sehemu ya kufunga kwa sababu hiyo rais anaweza kujaribu kwa kalamu yake. Maofisa 4,300, siku 90 za uamuzi na mawakili wa watoto hakuweza kuvichukua, kwa kuwa vinahitaji fedha na fedha hutolewa na Bunge. Idadi ya waliovuka ilikuwa imeanza kupungua tangu Januari, hasa kwa sababu Meksiko ilikuwa inawazuia na kuwarudisha kusini, na baada ya tangazo ilishuka zaidi, hadi chini ya 50,000 mwezi Desemba 2024.

Trump aliporudi madarakani tarehe 20 Januari 2025 aliondoa hata namba. Alitangaza kwamba mpaka wa kusini umevamiwa, akazuia maombi ya hifadhi kwa wote wanaovuka humo, na miadi ya CBP One ikafutwa saa ile ile kwa watu waliokuwa tayari wamesimama kwenye foleni upande wa Meksiko. Mwezi Machi waliokamatwa walikuwa 7,000 na ushei. Mwezi Julai jaji wa shirikisho mjini Washington aliamua kwamba rais hana mamlaka ya kuiweka kando sheria ambayo Bunge limeitunga kuhusu hifadhi, na serikali ikakata rufaa.

Mwezi huo huo, kwa sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025, Bunge hatimaye lilitoa fedha za mpaka, nyingi kuliko zile za mswada ulioanguka. Zaidi ya dola bilioni 46 zilikwenda kwenye ukuta na bilioni 45 kwenye mahabusi. Sheria hiyo pia iliweka kwamba kuanzia Novemba 2028 majaji wa uhamiaji wasizidi 800. Aliyevuka 2023 na bado anangoja tarehe ya kesi yake alipewa, kwa sheria hiyo hiyo, ada mpya ya dola 100 kwa kila mwaka ambao maombi yake yataendelea kukaa bila kuamuliwa.